Agoni: gesi kimya ya fundi wa kuchomelea

Nikielekea Kakuma, nilipita Lodwar kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Joto kali, naye amejifungia ndani. Akaniambia upepo wa Turkana unampeperushia gesi.

Gesi yenyewe ni agoni. Twaivuta kila siku, kwani ni karibu asilimia 1 ya hewa. Rayleigh na Ramsay waliitambua mwaka 1894, wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya mvivu: haiwaki wala haishikani na kitu. Uvivu huo ndio faida yake. Hutiwa kwenye balbu ili waya usiungue. Kwa fundi wa alumini, huzuia hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Pasipo hiyo, kiungo huwa na vitundu.

Lakini haina harufu, na ni nzito kuliko hewa. Ikijaa chumba kilichofungwa, huiondoa oksijeni, na mtu huanguka bila hata kukohoa.

Ndugu mafundi, wa huko na wa kwetu Pwani: zuieni upepo kwa turubai, mlango uacheni wazi, na mtungi ufungeni kazi ikiisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.