Kijani Kisichoalikwa Tangini

Mfugaji wa perege huko Ruangwa akitumbukiza mkono bwawani hadi kwenye kiwiko, kiganja kikapotea machoni, hufurahi: maji yameiva. Ukijani ule ni mwani mdogo mno, chakula cha perege, na samadi aliitia makusudi ili uote. Peleka maji hayohayo sebuleni Nachingwea, kwenye tangi jipya la kioo lenye samaki wa mapambo na mimea ya majini, uone mwenye nyumba atakavyoshika kichwa.

Mwani huu si ule wanaouanika akina mama wa pwani, ingawa jina ni moja. Huu hauna shina wala jani. Hutaka mwanga na mbolea tu, na tangi jipya huwa navyo vyote viwili kwa wingi.

Wiki za mwanzo huja utando wa kahawia, kama vumbi la kiangazi juu ya majani ya mkorosho. Huo hufutika kwa kidole, na mara nyingi hutoweka wenyewe. Baadaye huja nyuzi za kijani kama nywele, au maji yenyewe hugeuka supu ya mchicha. Chanzo ni kwamba tangi bado halijakomaa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu ambayo bakteria wa aina fulani huigeuza kuwa nitriti, kisha wengine huigeuza nitrati, ambayo ni mbolea. Bakteria hao huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye mchanga na chujio. Mimea nayo, iliyopandwa juzi, haijashika mizizi. Karamu imeandaliwa, na mlaji aliye tayari ni mwani peke yake.

Nachingwea inaijua haraka ya namna hii. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta mitambo kabla udongo na mvua havijaeleweka. Mwaka 1951 ukaachwa. Tangi ni dogo kuliko shamba lile, lakini anayejaza samaki 20 siku ya kwanza amepanda trekta lilelile.

Kosa kubwa zaidi ni dirisha. Mji huu uko takribani digrii 10 kusini mwa ikweta, na mchana wake haupungui saa 11 mwaka mzima. Tangi likae mbali na jua, liwashiwe taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Samaki wapewe kile watakachokimaliza ndani ya dakika mbili. Kila wiki maji yabadilishwe: kwa tangi la lita 100, lita 30 hadi 50. Nyuzi huzungushwa kwenye mswaki wa zamani zikavutwa nje. Maji yakiwa ya kijani kabisa, tangi hufunikwa gubigubi siku tatu au nne bila taa, pampu ya hewa ikiendelea kufanya kazi, kisha maji hubadilishwa.

Dawa iliyo bora, hata hivyo, ni mimea mingi inayokua upesi, iupokonye mwani chakula. Hapa ndipo wengi hukimbilia mtoni kuchuma ya bure. Tahadhari! Maji yaliyotuama katika mkoa wa Lindi yanaweza kuwa na konokono wa kichocho, na ugonjwa huingia kupitia ngozi ya anayekanyaga majini. Mimea inayouzwa na wafugaji ni salama zaidi, nayo pia ikaguliwe: mayai ya konokono hushikamana chini ya majani kama matone ya uteute.

Maji yaliyotolewa tangini yasimwagwe barabarani. Yana nitrati ileile iliyokuwa ikinenepesha mwani, na tuta la mchicha nyuma ya jiko huyapokea vizuri sana.