Vitabu vya Katuni Navyo Vihamishwe kwa Heshima

Kuhama nyumba ni jambo la kawaida katika maisha ya binadamu. Mtumishi hupewa uhamisho, mpangaji hupandishiwa kodi, kijana huoa akaanza maisha yake, na mzee hustaafu akarudi kijijini alikozaliwa. Siku hiyo inapowadia, macho ya watu wote nyumbani huwa juu ya vyombo vikubwa: kitanda, kabati, jokofu na televisheni. Sahani huviringishwa katika nguo zisije zikavunjika, na kioo cha kujitazamia hubebwa na mtu mzima kwa mikono miwili. Lakini rundo la vitabu vya katuni lililokaa miaka thelathini chini ya kitanda hufungwa kamba ya katani na kurushwa juu ya lori mwisho wa yote; au, vibaya zaidi, huachwa uani liwashie jiko la mkaa.

Twapenda leo kulizungumza jambo hilo, kwa kuwa tunaamini kwamba makusanyo mengi ya vitabu vya katuni katika nchi zetu hayakuangamizwa na moto wala mafuriko. Yaliangamizwa na siku ya kuhama.

Huenda msomaji akauliza: vibonzo navyo ni mali ya kuhangaikiwa? Jibu letu ni kwamba ni mali, tena ni urithi. Wasomaji wa gazeti la Uhuru walimjua Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory. Wasomaji wa Taifa Leo walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau kwa miongo mingi. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jijini Nairobi jarida la Joe, na katika miaka ya 1980 vijana wa Tanzania waliligombania jarida la Sani kwa ajili ya akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Michoro hiyo inatuonyesha jinsi watu walivyovaa, walivyopanda mabasi, walivyotaniana na kugombana, na maneno waliyoyatumia. Mwanahistoria wa kesho atakayetaka kujua raia wa kawaida alicheka nini hataipata habari hiyo katika hotuba za viongozi. Ataipata katika karatasi hizi tunazofungia karanga.

Wenzetu wa Marekani walijifunza somo hili kwa gharama. Toleo la kwanza la Action Comics, lililomtambulisha Superman mwaka 1938, liliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2014 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Bei hiyo haikutokana na uzuri wa hadithi peke yake. Ilitokana na ukweli kwamba nakala zilizo nyingi za toleo hilo zilichakaa na kutupwa, na hiyo moja ikabaki katika hali njema. Hatusemi kwamba Sani ya mtu italeta fedha za namna hiyo. Tunasema kwamba kitu hadimika kwa sababu kila mwenye nacho alidhani kwamba wengine wanacho.

Ili kukihamisha kitu salama, sharti kwanza kukijua. Vitabu vingi vya katuni vimechapwa kwa karatasi hafifu kama ya gazeti, itokanayo na mbao zilizosagwa. Ndani yake mna kitu kiitwacho lignini ambacho kikipata mwanga, hewa na joto hugeuka rangi na kuzaa asidi. Ndiyo maana karatasi hiyo huwa ya manjano, kisha ya kahawia, na hatimaye huvunjika pembeni kama jani kavu. Unyevu nao huleta ukungu na kuzitia kutu pini za katikati. Kwa hiyo adui wa mhamaji si mvua peke yake. Jua, joto, uzito na haraka ya wachukuzi ni maadui vilevile.

Kazi ianze wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapana budi mwenye mali achukue daftari na kuandika jina la kila kitabu, namba ya toleo, mwaka, na hali yake. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kupiga picha za majalada, na huo ni ushahidi mwema iwapo boksi litapotea njiani. Katika kuorodhesha huko ndipo atakapogundua palipoingia mchwa, mende au vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Vitabu vyenye wadudu vitengwe, visiambukize vingine. Vyenye unyevu vianikwe kivulini penye upepo, wala visipelekwe juani. Na ukungu ukishakauka upanguswe nje ya nyumba kwa brashi laini, anayefanya kazi hiyo akiwa amefunika pua na mdomo. Kufungasha karatasi mbichi ni kupanda ukungu ndani ya boksi.

Tuje kwenye kufungasha. Karatasi ni nzito kuliko inavyoonekana: vitabu vyembamba 150 vyaweza kufika kilo 10. Basi yatafutwe maboksi madogo, makavu na imara, ambayo mtu mmoja aweza kuyabeba bila ya kuyaburuta. Maboksi ya dukani yaliyobebea samaki, matunda au sabuni hayafai, kwa kuwa huleta harufu na mayai ya wadudu. Gunia nalo ni adui mkubwa, maana kila kitabu hukunjwa kwa uzito wa mwenziwe. Vitabu visimamishwe wima, vikiegemeana bila ya kubanwa wala kulegea, au vilazwe katika marundo mafupi. Pengo likibaki, lijazwe karatasi nyeupe safi. Gazeti la jana lisitumike kugusana na kitabu, hata likiwa gazeti hili, kwani wino wake huchafua na asidi yake haina urafiki na mtu. Kadhalika mipira ya kufungia fedha na kamba ya katani hukata pembe, na selotepu iliyobandikwa kwa nia njema huacha doa lisilotoka.

Mwenye uwezo akivike kila kitabu mfuko wake wa plastiki safi ya polipropilini au poliesta, na nyuma yake aweke kipande cha kadi ngumu isiyo na asidi. Asiyekuwa na uwezo huo aweke kadi kwa vile vilivyo dhaifu zaidi, na vilivyobaki avitenge kwa karatasi nyeupe. Vifuko vya nailoni vya kubebea bidhaa visitafutwe kwa kazi hii. Vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, na hata pale mtu anapobaki na akiba ya zamani, vikifungwa fundo hufungia jasho pamoja na kitabu.

Nje ya kila boksi paandikwe namba tu, na daftari liseme kilichomo. Kuandika kwa herufi kubwa kwamba ndani mna vitu vya thamani ni kumwalika mwizi.

Ama kuhusu safari, kama mtu ana hiari ya kuchagua wakati, asihame katika masika wala vuli. Asiye na hiari afunike maboksi kwa turubai, na turubai hilo liondolewe mara tu wafikapo. Katika lori, maboksi ya vitabu yapandishwe mwisho na kushushwa mwanzo. Yakae juu ya kitu kilichoinuka, mbali na dumu la mafuta ya taa, ndoo ya mafuta ya kula na mzigo wa dagaa. Chungu wala kiti kisiwekwe juu yake. Anayesafiri kwa basi akae na boksi lake karibu naye, asikubali lipandishwe juu ya paa. Na anayevuka bahari alikinge na rasharasha za maji ya chumvi. Boksi lisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani wakati watu wanakula chakula cha mchana. Saa mbili za joto hilo si mchezo kwa karatasi ya zamani.

Wengi hudhani kwamba mzigo ukishashushwa kazi imekwisha. Kwa hakika ndipo inapoanza nyingine. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuutekeleza uamuzi wa tangu 1973 wa kuhamia Dodoma, na watumishi wengi wakafuata njia hiyo pamoja na familia zao. Walitoka Dar es Salaam yenye unyevu wa bahari wakaingia katika nchi kavu ya kati. Karatasi nayo huhisi safari ya namna hiyo: iliyozoea unyevu ikikaushwa ghafla hujikunja na kupindika. Anayetoka Dodoma au Nairobi kwenda Tanga au Mombasa hukutana na kinyume chake, karatasi hunyonya unyevu na ukungu ukachipua. Dawa ni subira. Maboksi yaachwe yamefungwa siku moja au mbili katika chumba yatakamokaa, ili karatasi izoee hewa mpya polepole.

Chumba chenyewe kichaguliwe kwa akili. Darini chini ya mabati ni tanuri. Sakafuni ni mlango wa mchwa na maji. Karibu na dirisha ni makao ya jua, na ukuta wa bafu hauaminiki. Pafaapo ni rafu iliyoinuliwa shibiri moja au zaidi kutoka chini, iliyoachana kidogo na ukuta, katika chumba cha ndani chenye hewa. Dawa ya kuua wadudu isipulizwe juu ya vitabu, na vidonge vya nafutalini navyo viepukwe: harufu yake haitoki karatasini, tena si salama kwa wanaolala humo. Katika mwaka wa kwanza, kila mwezi boksi moja lifunguliwe na kukaguliwa, daftari mkononi.

Hatuna budi pia kuwakumbuka wale ambao nyumba mpya haina nafasi, au warithi walioachiwa maboksi na marehemu wasijue la kufanya. Ushauri wetu kwao ni mmoja: wasichome. Orodha ile ipelekwe kwanza kwa maktaba ya mkoa, chuo kikuu kilicho karibu, au shule yenye maktaba ya kweli, na waulizwe kama wako tayari kupokea na kutunza. Wakikataa, pana vijana wengi wanaojifunza kuchora ambao wangelifurahi kuuona mkono wa waliowatangulia.

Jambo hili halihitaji kamati wala fungu la serikali. Lahitaji daftari, maboksi machache makavu, na mwenye nyumba atakayewaambia wachukuzi kwamba mzigo huu nao ni mzigo. Wachoraji wengi waliotuchekesha wamekwisha kuiaga dunia, na sehemu kubwa ya kazi yao haikupata kuchapwa tena. Rundo lililo chini ya kitanda cha mtu huenda ndilo lililobaki. Siku atakapohama, na alibebe kwa mikono miwili.