Hoteli ya zamani ikigeuzwa nyumba ya sanaa, umeme analipa nani?

Msikilizaji wa Buhare, Bunda au Butiama, huenda mjini kwenu lipo jengo la namna hii: hoteli au gesti ya zamani, bati limeshika kutu, milango imepigiliwa misumari, na wazee bado wanasimulia enzi zake. Kikundi cha ngoma au kwaya kikitafuta pa kufanyia mazoezi, macho huelekea huko. Si wazo baya. Hoteli ina ukumbi, vyumba vya kufundishia, vyoo, jiko, na mara nyingi ua ambamo watu wanaweza kukaa wakasikiliza ritungu. Tabu huanza rangi ikishakauka.

Tuangalie Zanzibar. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002, kilifundisha kwa miaka mingi katika jengo la zamani la forodha, mbele ya bahari, Mji Mkongwe. Vijana walijifunza taarabu, ngoma na kidumbaki, wakapiga udi, ganuni na fidla. Jengo lilikuwepo, walimu walikuwepo, sifa ilivuka mipaka. Hata hivyo mwaka 2019 chuo kilitangaza kwamba huenda kikafungwa, kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimekwisha na ada ndogo za wanafunzi hazikutosha kulipa walimu. Kuta nzuri hazilipi mishahara.

Mikindani, mkoani Mtwara, walipita njia nyingine. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likageuzwa hoteli. Lengo lilikuwa wageni walete fedha, na vijana wa mji wapate kazi na mafunzo humo humo. Hapo ndipo hoteli inapolishinda jengo la forodha: vyumba vyake vinaweza kujilipia. Kwa maoni yetu, kikundi kinachopata gesti ya zamani kisigeuze kila chumba kuwa darasa. Kiache vichache vya kulaza wageni na jiko la kuuza chakula, na mapato hayo yalipe LUKU, mlinzi na mwalimu wa ngoma. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kusaidia upande huo wa biashara. Lakini ni mkopo, lazima urudi, na mazoezi ya ngoma hayarudishi mkopo.

Kuna jambo la mafundi pia. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mawe au matofali laini, zikashikizwa kwa chokaa au udongo. Kuta hizo hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unajikusanya ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Chokaa huchelewa kukauka, na fundi wake si rahisi kumpata, ila ndiyo dawa. Kabla ya yote, zibeni paa. Na msiingie kwa pupa: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa.

Wengi hudhani jengo likiwa la kikoloni tayari linalindwa na serikali. Sivyo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, wakati Wajerumani hawajaanza kutawala. Jengo la baadaye linahitaji Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Lisipotangazwa, sheria hiyo haimzuii mwenyewe kulibomoa ajenge fremu za maduka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya ofisi ya ardhi: kujua hatimiliki ina jina la nani, kama kuna warithi wanaogombana, na kama mwenye nyumba atakubali mkataba wa maandishi wa miaka mingi. Wapo waliopaua nyumba ya mtu kwa michango ya kijiji, kisha wakaambiwa wahame.