Kinga ya Mwili na Mwanafunzi Mwenye Pumu

Katika somo la kinga ya mwili, walimu wengi hutumia mfano wa askari: viini vya maradhi huingia, na chembe nyeupe za damu huvipiga vita. Mfano huu ni mzuri, lakini haujakamilika. Mwanafunzi akiishia hapo hataelewa kwa nini mwenzake mwenye pumu hubanwa na vumbi ambalo wengine hulivuta bila shida. Huenda hata akamwogopa, akidhani ataambukizwa.

Yafaa basi tuongeze sehemu ya pili. Kila pumzi huingiza vumbi, chavua na mabaki ya utitiri. Hivi si adui. Askari mwema hupambanua mgeni na mwizi. Na mwilini kupambanua huko ni kazi, wala si usingizi. Zipo chembe nyeupe, tuziite chembe tulizi, ambazo hutoa kemikali za kuwatuliza askari wenzao. Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995. Mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa jambo hili.

Utulizaji ukishindwa, mwili hutengeneza kingamwili za aina ya E dhidi ya vitu hivyo. Kingamwili hizo hujishika kwenye chembe zilizojaa histamini. Vumbi lirudipo, histamini humwagika, utando wa njia za hewa huvimba, ute huongezeka, misuli hubana, na pumzi hutoka kwa mluzi. Kwa hiyo pumu ya mzio si upungufu wa kinga, bali ni kinga iliyokosea shabaha, wala haiambukizi.

Ili darasa lifahamu kubanwa huko, wanafunzi wavute pumzi kwa mrija wa kunywea soda, pua zikiwa zimezibwa, kwa sekunde chache tu. Mwenye pumu asishiriki.

Hatimaye somo lionekane katika matendo. Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji, na mwenye pumu apewe zamu nyingine isiyo ya vumbi. Akibanwa, aketi wima na apewe dawa yake ya kuvuta. Asipopata nafuu, apelekwe zahanati bila kukawia.