Unalala Wapi?

Basi namba 25 la London hufanya kazi usiku kucha, na abiria wake wa saa tisa za usiku si wote wenye safari. Wapo waliolipa nauli ili wapate joto. Utawakuta ghorofa ya juu, viti vya nyuma, mkanda wa begi umezungushwa mguuni mara mbili ili mwizi akilivuta mwenyewe ashtuke.

Tuseme mmoja wao ni kijana wa Bukavu. Majuzi amepata makaratasi: ombi lake la ukimbizi limekubaliwa. Wenzake walimpongeza, kumbe barua hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa chumbani. Kwa miaka mingi aliyekubaliwa amekuwa akipewa siku 28 kuhama malazi ya waomba hifadhi. Katika siku hizo atafute kazi, ambayo kwa kawaida hakuruhusiwa kuifanya alipokuwa akisubiri, na ampate mwenye nyumba asiyedai amana na mdhamini. Halmashauri huwatazama kwanza wajawazito, wenye watoto na wagonjwa. Mwanaume mzima asiye na familia hubaki mkiani.

Mama yake anatuma sauti kwenye WhatsApp. Anamjibu akiwa maktaba, anapochajia simu: "Niko sawa mama, kazi tu zimenizidi." Baada ya miezi anaacha kujibu. Nyumbani wanasema Ulaya imemsahaulisha kwao; kumbe akili imeanza kumvurugika.

Je, ni uhamaji unaomvuruga mtu akili, au wenye akili zisizotulia ndio wanaohama? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard aliwalinganisha Wanorwe waliohamia Minnesota, Marekani, na wale waliobaki kwao. Waliohama walionekana kuugua ugonjwa wa akili wa skizofrenia karibu mara mbili zaidi. Yeye alihitimisha kwamba tatizo waliondoka nalo nyumbani.

Maelezo hayo yalidumu, lakini yana tundu. Uchambuzi wa mwaka 2005 uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulikuta hatari ya skizofrenia kwa wahamiaji ni kama mara 2.7 ya wenyeji, na kwa watoto wao mara 4.5. Mtoto aliyezaliwa Rotterdam hakupanda mashua yoyote. Tena utafiti wa mwaka 2001 huko Camberwell, kusini mwa London, ulionyesha kuwa watu wa jamii za wachache waliugua zaidi katika mitaa ambamo watu wa jamii hizo walikuwa haba. Eneo ni lile lile. Waliobadilika ni majirani.

Vita navyo vina fungu lake. Nchini Sweden, utafiti wa watu milioni 1.3 uliotoka mwaka 2016 ulikuta hatari ya skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo kwa wakimbizi ni kubwa kwa asilimia 66 kuliko kwa wahamiaji wengine kutoka maeneo yale yale.

Watafiti Jean-Paul Selten na Elizabeth Cantor-Graae wanaamini kiini ni kutengwa kwa muda mrefu, mtu kuwekwa chini na nje ya wenzake, hali ambayo huenda ikavuruga dopamini ubongoni. Kemikali hiyo husaidia ubongo kupima lipi lina maana na lipi la kupuuza. Ikizidi, kila kitu kinakuwa na maana: kikohozi cha abiria wa mbele ni ishara, dereva akitazama kioo anakutazama wewe. Ongeza usingizi wa dakika ishirini-ishirini. Wengi, kwa kweli, hawafiki huko. Wanaishia kwenye sonona, jinamizi na kile tunachokiita "mawazo", neno dogo kwa mzigo huo.

Daktari humuuliza kijana kama yule wa basini: "Unalala?" Anajibu hapana, anaandikiwa vidonge. Kuuliza "Unalala wapi?" kungebadilisha matibabu yote, maana kidonge cha usingizi ndani ya basi ni njia ya kuibiwa begi.

New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianza kuwapa wagonjwa wa akili wa mitaani nyumba kwanza, bila kusubiri wapone. Kanada ikaujaribu mpango huo kwa watu zaidi ya 2,000 katika miji mitano. Waliopewa nyumba walidumu kwenye makazi zaidi kuliko wenzao wasiopewa, ingawa dalili za ugonjwa wenyewe hazikupungua kuwazidi wengine. Kwa hiyo ufunguo wa nyumba hautibu skizofrenia. Ila dawa inahitaji rafu ya kuwekwa, na muuguzi anahitaji mlango wa kubisha hodi.

England, kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, yule GP, hakulazimu uthibitisho wa anwani wala makaratasi ya uhamiaji. Kijana wetu akifika pale kwenye fomu palipoandikwa "anwani", anaweza kuandikiwa ya zahanati yenyewe.