Picha ya Machweo na Swali la Jua

Wengi wanaoiona kwa mara ya kwanza huamini kwamba ni picha ya usiku. Anga ni nyeusi tititi, mwezi uko juu ya milima yenye theluji, na chini kuna kijiji kidogo chenye kanisa la udongo na makaburi ambayo misalaba yake ni nyeupe pe. Picha hiyo, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ni ya Mmarekani Ansel Adams, na ni mojawapo ya picha za mandhari mashuhuri zaidi kuwahi kupigwa. Lakini Adams alipoipiga, jua lilikuwa halijazama. Lilikuwa nyuma ya mgongo wake, nyuzi chache tu juu ya upeo wa macho, na miale yake ya mwisho ndiyo iliyoipiga ile misalaba.

Ndiyo maana uhakiki wa picha ya machweo hauna budi kuanza na swali moja: jua lilikuwa wapi? Mpangilio, hisia na uzuri vina nafasi yake, lakini vyote vimejengwa juu ya mwanga, na mwanga una chanzo, una njia uliyopita, na una sheria ambazo hata msanii mkubwa hawezi kuzivunja bila kuacha alama. Anayejua jua lilipokuwa anaweza kusema kwa nini picha inamgusa mtazamaji, na wakati mwingine anaweza kusema kwamba inamdanganya.

Katika vuli ya 1941 Adams alikuwa akizunguka kusini-magharibi mwa Marekani, akipiga picha kwa ajili ya wizara ya serikali iliyosimamia mbuga za taifa. Alasiri moja alikuwa akirudi Santa Fe kwa gari pamoja na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright. Walipofika karibu na Hernandez akauona mwezi ukiwa umepanda mashariki na misalaba ikiwaka kwa jua la magharibi, akasimamisha gari kwa haraka na kuanza kuwaamrisha wenzake wamletee hiki na kile. Kamera kubwa ya filamu za inchi 8 kwa 10 ilisimikwa juu ya gari. Kilichokosekana ni kipimamwanga. Walikitafuta na hakikuonekana, huku mawingu ya magharibi yakikaribia kulifunika jua.

Kilichomwokoa ni namba moja ya fizikia aliyokuwa nayo kichwani: mwangaza wa mwezi ni kama mishumaa 250 kwa kila futi ya mraba. Namba hiyo inategemeka kwa sababu mwezi ni jiwe linalopigwa na jua, na umbali wake kutoka kwenye jua haupishani sana na wetu. Uso wake unarudisha asilimia 12 hivi tu ya mwanga unaoupokea, karibu sawa na lami iliyochakaa. Weupe wake machoni mwetu unatokana na giza linalouzunguka.

Hesabu iliyofuata aliifanya kichwani. Katika mfumo wa kanda aliokuwa ameubuni na Fred Archer, rangi zote za picha kuanzia weusi hadi weupe hugawanywa katika kanda, na kila kanda ina mwanga maradufu ya ile iliyo chini yake. Aliuweka mwezi katika kanda ya saba, yaani hatua mbili juu ya kijivu cha katikati. Gawanya 250 mara mbili kwa 2, unapata takriban 60. Kwa filamu ya kasi ya 64, kitu chenye mwangaza huo kinahitaji sekunde 1/60 kwenye tundu la lenzi la f/8. Kichujio cha manjano iliyokolea alichokuwa amekifunga kilihitaji muda mara tatu zaidi, kwa hiyo ikawa 1/20. Ili milima na majani ya karibu yote yaonekane kwa ukali alilibana tundu hadi f/32, linalopitisha sehemu moja ya 16 ya mwanga wa f/8. Jibu lilikuwa karibu sekunde moja, na sekunde moja ndiyo aliyoipa filamu. Akageuza kifuko cha filamu ili apige nakala ya pili ya akiba, lakini kabla hajawa tayari mwanga ulikuwa umeondoka kwenye misalaba. Picha nzima inasimama juu ya negativu moja.

Kile kichujio kinastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndicho kilichofanya kazi ambayo wahakiki wengi huiita fumbo la picha hii. Mwanga wa jua lililo chini kabisa hupita katika hewa nyingi mno: jua likiwa kwenye upeo wa macho, njia ya miale yake ndani ya angahewa ni takriban mara 38 ya ile ya jua la utosini. Lord Rayleigh alieleza mwaka 1871 jinsi molekuli ndogo zinavyotawanya mwanga, na kwa kanuni yake bluu hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko nyekundu. Kwa hiyo miale inayofika imekwishapoteza bluu yake njiani na kubaki na manjano na wekundu, ilhali anga na vivuli vinaangazwa na ile bluu iliyotawanywa. Kichujio cha manjano huruhusu ya kwanza na kuizuia ya pili. Mwanga wa misalaba iliyopigwa na jua moja kwa moja ukapenya karibu wote. Anga ikapungua, vivuli vikazama. Tofauti hiyo ilikuwapo Hernandez kwa macho ya kawaida, kichujio kiliikuza.

Weusi wa anga, hata hivyo, si wa Hernandez. Ni wa chumba cha giza. Negativu ilikuwa ngumu kuchapa, kwa kuwa sehemu ya chini ilipata mwanga kidogo mno, na mwaka 1948 Adams aliirudisha kwenye dawa ili kuiongezea nguvu sehemu hiyo. Katika maisha yake alichapa nakala zaidi ya 1,300 kutoka humo, na hazifanani. Zile za miaka ya mwanzo zina anga ya kijivu yenye mawingu mepesi yaliyotapakaa juu ya mwezi. Kadiri miaka ilivyokwenda aliendelea kuichoma anga kwa mwanga wa mashine ya kuchapia, hadi katika nakala za miaka ya 1970 mawingu hayo yakatoweka ndani ya weusi mtupu.

Soko na makumbusho yamezitukuza hizi za mwisho, na kwa nguvu ya mwonekano zinastahili. Lakini kama picha ya machweo zimepoteza kitu. Katika nakala za mwanzo mtazamaji anaona saa: anaona mwanga unaoondoka, anga ambayo bado ina siku ndani yake, mawingu yanayoonyesha upepo wa juu. Katika zile nyeusi misalaba inang'aa bila sababu inayoonekana, kama iliyomulikwa na taa. Adams aliwahi kuwa mpiga piano na aliilinganisha negativu na noti za muziki, na nakala na uchezaji wake. Ana haki ya kuucheza atakavyo. Mtazamaji naye ana haki ya kupenda uchezaji unaouacha wakati usikike.

Wakati wenyewe ulipatikana kwa njia ya ajabu. Adams hakuwa mtunzaji mzuri wa tarehe, na picha hii aliitaja kwa miaka tofauti, kuanzia 1940 hadi 1944. Mwanahistoria wa picha Beaumont Newhall akampelekea swali mwanaastronomia David Elmore wa kituo cha High Altitude Observatory huko Boulder, Colorado. Mwezi ni saa na kalenda kwa pamoja. Umbo lake linaonyesha umebakiza siku ngapi kuwa mpevu, na kwa kuwa husogea nyuzi 13 hivi kila siku kati ya nyota, mahali pake juu ya mlima unaojulikana huonyesha siku na saa. Elmore alipata Oktoba 31, 1941, saa 10:03 alasiri. Baadaye Dennis di Cicco wa jarida la Sky & Telescope alikwenda Hernandez mwenyewe, akatafuta mahali kamera iliposimama, akapiga hesabu upya. Mwaka 1991, miaka saba baada ya Adams kufariki, alichapisha jibu lake: Novemba 1, 1941, saa 10:49 na sekunde 20. Kwa Wakatoliki hiyo ni sikukuu ya Watakatifu Wote, mkesha wa kuwakumbuka marehemu; Adams alipokuwa akihangaika juu ya gari hakuonyesha dalili ya kulifikiria hilo.

Donald Olson wa Chuo Kikuu cha Texas State aliipima kwa njia hiyo hiyo picha nyingine ya Adams, Autumn Moon, iliyopigwa kutoka Glacier Point huko Yosemite. Tarehe ilikuwa Septemba 15, 1948, saa 1:03 usiku kwa saa za huko. Kila baada ya miaka 19 sura za mwezi hurudi kwenye tarehe zile zile, na 57 ni 19 mara tatu. Kwa hiyo Septemba 15, 2005 watu walipanda Glacier Point kuuona mwezi ukipanda karibu pale pale Adams alipouona.

Mhakiki mwenye jicho la namna hii ana kazi kubwa leo, kwa kuwa kila simu inapiga machweo. Mwezi una upana wa nusu nyuzi tu, na kwa lenzi ya kawaida ya simu haufiki hata sehemu moja ya mia ya upana wa picha. Ukiuona mkubwa kama mti juu ya nyumba zilizo karibu, ulibandikwa. Mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama magharibi, kwa hiyo hauwezi kuwa ndani ya wekundu wa jua lenyewe. Pembe za mwezi mchanga daima zinalipa jua mgongo. Maji ya Ziwa Victoria hayawezi kung'aa kuliko anga yanayoiakisi, na ardhi inayoangazwa na anga peke yake haiwezi kuishinda anga hiyo kwa mwangaza. Simu zinazounganisha picha kadhaa kuwa moja huvivunja vipimo hivi kila jioni, zikiinua vivuli mpaka nyasi zinakuwa angavu kama mawingu, na mtazamaji anahisi kasoro bila kujua jina lake.

Bluu nzito inayofuata machweo nayo hudhaniwa kuwa ni ile ile ya mchana iliyofifia. Sivyo. Mwaka 1953 Edward Hulburt alionyesha kwa hesabu kwamba jua linapozama, theluthi mbili ya bluu ya utosini hutokana na ozoni, ambayo hunyonya rangi ya machungwa na nyekundu kutoka kwenye miale inayopita ndani yake kwa mshazari mrefu. Baada ya hapo, bluu yote ni ya ozoni. Ni rangi ya kweli, na kuilaumu picha kwa kuwa ya bluu mno saa hiyo mara nyingi ni kuionea.

Kisumu au Kampala muda wake ni mfupi. Jua la ikweta hushuka wima, na dakika 20 na kitu baada ya kuzama limefika nyuzi sita chini ya upeo, ambapo macho huanza kuhitaji taa; London mwezi Juni safari hiyo hiyo huchukua zaidi ya dakika 45. Katika dakika hizo chache wapiga picha wengi wa huku wanaelekeza kamera magharibi hadi mwisho. Nyuma yao, upande ambao Adams alikuwa anautazama, kuna ukanda wa waridi juu ya upeo na chini yake bluu ya kijivu inayopanda. Ile bluu ya kijivu ni kivuli cha dunia kilichoangukia angahewa yake yenyewe, na katika picha za machweo za Afrika Mashariki hakionekani mara nyingi kama kinavyostahili.