Mwathiriwa wa uhalifu si shahidi tu

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hata hivyo, kwa miaka mingi mahakama zetu zilimwita aliyeibiwa, aliyejeruhiwa au aliyefiwa kwa jambo moja tu: kutoa ushahidi. Akiisha kuulizwa maswali, kesi ilibaki kuwa ya Jamhuri na mshtakiwa, naye akarudi kwake na jeraha lake.

Wapo wanaohofu kwamba kumpa mtu huyu sauti ni kumpokonya mshtakiwa haki. Siafikiani nao, na hoja yangu naitoa katika maisha ya Margery Fry wa Uingereza (1874–1958). Bibi huyu, aliyepata kuwa mkuu wa chuo cha Somerville, Oxford, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwatetea wafungwa. Lakini ni yeye huyo, mwaka 1957, akiwa na miaka 83, aliyedai gazetini kwamba serikali iwafidie walioumizwa na wahalifu. Alitoa mfano wa mtu aliyepofushwa na watu wawili, akatunukiwa pauni 11,500. Wale wawili waliamriwa kulipa shilingi tano kila mmoja kwa juma. Fidia hiyo ingemalizika baada ya miaka 442! Fry hakuishi kuona matunda: New Zealand ilipitisha sheria ya fidia mwaka 1963, na mpango wa Uingereza ukaanza 1964.

Nasi Wakenya hatukubaki nyuma daima. Kifungu cha 50(9) cha Katiba ya 2010 kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikapatikana mwaka 2014. Kwa sheria hiyo, mwathiriwa aweza kuieleza mahakama madhara yaliyompata kabla ya adhabu kutolewa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aweza kushiriki kesini kupitia wakili, ila asigeuke kiongozi wa pili wa mashtaka. Hapo mizani imekaa sawa: huyu amesikizwa, na yule hakudhulumiwa.

Lakini haki asiyoijua mtu haimfai kitu. Walimu wenzangu wa fikra, tunapowafunza vijana haki za mshtakiwa, jambo ambalo ni wajibu wetu, tusiishie hapo. Nanyi wanafunzi, msomapo habari za kesi gazetini, jiulizeni: aliyetendewa yu wapi, na nani amemsikiza?